Nani kaichukua x16?

Programu inayopitia kompaila ya JIT, ile inayotoa msimbo wa mashine wakati programu ikiendelea, inaanguka, na debaga inaonyesha kaunta ya programu (anwani ya amri inayotekelezwa) imesimama kwenye 0x1001.

Hapo hapana msimbo wowote. Ni chini mno kwenye kumbukumbu, tena ni namba witiri, ilhali amri za AArch64 (prosesa za ARM za biti 64) zina baiti 4 kila moja na hukaa kwenye anwani zinazogawanyika kwa 4. Ukiigeuza kuwa desimali unapata 4097. Rudi kwenye msimbo wa kompaila: 4097 ndicho kikomo cha kitanzi kilichokuwa kinakompailiwa.

Mistari inayohusika ni mitatu (x0 na x16 ni rejista, vihifadhi vidogo ndani ya prosesa, na `msaidizi` ni funksheni ya kuitwa):

    pakia_anwani(x16, msaidizi)
    linganisha(x0, 4097)
    ita_ikiwa_sawa(x16)

Kikomo kilipokuwa 4095, kila kitu kilienda. Kilipokuwa 4096, vilevile. Amri ya kulinganisha ya AArch64 hubeba namba ya biti 12, na ikibidi huisogeza kushoto kwa biti 12 nyingine. 4095 inaingia. 4096 inaingia kama 1 iliyosogezwa. 4097 haiingii kwa vyovyote. Kwa hiyo `linganisha` ikajitafutia rejista ya pembeni, ikaitia 4097 humo, ikalinganisha rejista kwa rejista. Rejista iliyojichukulia ni x16, ambamo mlikuwa na anwani ya msaidizi.

Kosa hili hurekebishwa kwa dakika tano: mahali pamoja badala ya x16 weka x17. Kilichonikaa kichwani wiki kadhaa ni swali jingine: kosa ni la nani? Aliyeita `linganisha` hana hatia, kwa sababu jina halidokezi kwamba rejista ya tatu itaguswa. Aliyeiandika naye hana hatia, maana x16 na x17 zimetengwa na kanuni za ARM kwa kazi za muda kama hiyo.

Kosa liko katikati yao, na katikati hapo ndipo API, kiolesura kinachowaunganisha, ilipo.

## Jina moja, ahadi mbili

Bekendi nyingi za JIT, yaani sehemu inayotoa amri za prosesa, huzaliwa na prosesa moja, mara nyingi x86-64 ya Intel na AMD. API yake inaandikwa kwa kuzifuata amri za prosesa hiyo: `ongeza`, `hamisha`, `linganisha`, `ruka`. Siku ARM inapohitajika, linaandikwa faili la pili lenye majina yale yale, linakompaili bila malalamiko, na watu wanadhani sasa wana kiolesura.

Walichonacho ni asembla ya x86 iliyovalishwa jina jipya.

Chukua `ongeza`. Kwenye x86, amri ya kujumlisha huandika upya bendera za prosesa (biti zinazoonyesha hali ya hesabu ya mwisho) kila mara. Kwenye AArch64 `add` haizigusi. Ukizitaka unatumia `adds`. Msimbo unaojumlisha kisha unaruka endapo jumla imefurika unafanya kazi upande mmoja tu. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: aliyezoea ARM ataweka jumlisho dogo kati ya kulinganisha na kuruka bila wasiwasi, na upande wa x86 mruko utasoma bendera za jumlisho.

Mfano ninaoupenda zaidi hauhitaji hata prosesa mbili. `hamisha(rax, 0)` ikitolewa kama `mov eax, 0` inakula baiti 5: B8 na sifuri nne. `xor eax, eax` inakula baiti 2: 31 C0. Hakuna mwandishi wa JIT ambaye mkono haujamwasha kufanya badiliko hilo. Lakini `mov` haigusi bendera, na `xor` inaziandika zote muhimu. Sasa soma hii:

    linganisha(rcx, rdx)
    hamisha(rax, 0)
    ruka_ikiwa_ndogo(mwanzo)

Baada ya `xor`, bendera ya sifuri imewaka, ya alama imezimika na ya kufurika imezimika. Mruko wa "ndogo kuliko" hufanyika pale tu alama na kufurika zinapotofautiana. Hautatokea kamwe. Kitanzi kinazunguka mara moja na kutoka na jibu baya, bila kuanguka, bila ujumbe. Aliyeokoa baiti 3 hakuvunja sheria yoyote iliyoandikwa.

## Kuanika ahadi

Kazi ya kwanza ya kupanga upya, kwa maoni yangu, haibadilishi mstari hata mmoja. Pitia kila funksheni ya kiolesura na uandike kando yake inasoma nini, inaandika nini, na inaharibu nini njiani: rejista za muda, bendera, kilele cha staki. Safu hiyo ya tatu ndiyo inayokuwa tupu kwenye nyaraka zote.

Ukimaliza, usiiamini karatasi yako. Ifanye mashine iikague. Kwenye toleo la majaribio, baada ya kila operesheni, toa amri zinazojaza takataka kwenye kila rejista ya muda ambayo operesheni hiyo haikutangaza kuwa ni tokeo lake. 0xDEADBEEF inatosha, kwa sababu inaonekana haraka kwenye debaga. Kisha toa ulinganisho usio na maana ili bendera nazo zivurugike, isipokuwa pale operesheni iliyotangulia ilipotangaza kwamba bendera ni tokeo lake. Kila mahali palipokuwa panategemea ahadi isiyoandikwa patavunjika siku hiyo hiyo badala ya kungoja 4097.

Takataka hizi, niziite sumu, zina mtego wake. Msimbo unaotolewa unakuwa mrefu mara kadhaa, na miruko ya ARM ina mipaka: `tbz` inafika KB 32 tu mbele au nyuma, mruko wenye sharti unafika MB 1, na `b` ya kawaida MB 128. Kama asembla yako haikagui mpaka, itakata biti za juu na kuandika mruko unaokwenda kwingine kabisa. Utatafuta kosa la rejista siku nzima kumbe umevuka mpaka wa `tbz`. Weka ukaguzi wa mipaka kwanza, ndipo utie sumu.

## Ukate wapi?

Hapa ndipo mashaka yanapoanza.

Ukikata chini, karibu na amri za mashine, kiolesura kinakuwa kidogo na rahisi kuandikia bekendi mpya, lakini kila kinachotofautiana kati ya prosesa kinavuja kwenda juu. Msimbo wa juu unajaa "kama ni ARM fanya hivi". Ukikata juu, kwenye operesheni kubwa kama "soma sehemu ya kitu na uhakikishe aina yake", hakuna kinachovuja, ila kila bekendi inaandika upya mantiki ile ile, na bekendi tatu zitakuwa na makosa matatu tofauti.

Lugha ya Ruby ilipita njia hii hadharani. YJIT, kompaila yake ya JIT iliyokuja na Ruby 3.1 mwaka 2021, iliandikwa kwa C na kutoa amri za x86-64 moja kwa moja. YJIT ya toleo la 3.2, mwaka 2022, iliandikwa upya kwa Rust, na kati ya uzalishaji wa msimbo na asembla ikawekwa lugha ndogo ya kati. Hapo ndipo arm64 ilipoingia. Watu huikumbuka Rust. Naona tabaka la katikati lilikuwa na uzito zaidi kwa suala letu, kwa sababu ndilo lililomnyang'anya mwandishi wa juu uwezo wa kutaja rejista kwa jina.

QEMU, kiigaji cha mashine, nayo imeishi na jambo hili muda mrefu katika TCG, kizalishaji chake cha msimbo. Kila bekendi yake haitoi tu amri. Inatangaza masharti ya kila operesheni. Kusogeza biti kwenye x86, kwa mfano, hutangazwa kuwa tokeo moja na maingizo mawili: ingizo la kwanza likae kwenye rejista ile ile ya tokeo, la pili liwe namba ya kudumu au likae kwenye ecx. Mgawaji wa rejista, anayeamua thamani gani ikae rejista gani, anasoma tangazo na kupanga kila kitu kabla bekendi haijaguswa. Bekendi ikiitwa, inakuta meza imeshaandaliwa.

Jibu langu, baada ya kuzunguka sana: tatizo si urefu wa mahali unapokata. Tatizo ni nani anayemiliki rejista. Kama mtoaji wa amri anaweza kujichukulia rejista bila kumwambia mgawaji, utavuja popote utakapokata. Kama hawezi, unaweza kukata chini kidogo au juu kidogo na maisha yakaendelea.

Kwa hiyo kiolesura kipya hakina `rejista_ya_muda()`. Operesheni inayohitaji rejista ya pembeni inaitangaza kama ingizo la ziada, na mgawaji anaitafuta.

## Mgawanyo hauko kwenye rejista tu

Kugawanya ndiko kunakojaribu tangazo lako. Kwenye x86, `idiv` inataka kigawanywa kikae rdx na rax kwa pamoja, inaacha jibu kwenye rax na baki kwenye rdx. Hilo masharti yanalimudu. AArch64 ina `sdiv` inayokubali rejista yoyote, ila haitoi baki. Unalipata kwa `msub` baadaye. Hilo nalo linamudika.

Kisichomudika ni maana. Gawanya kwa sifuri kwenye x86 na prosesa inatupa hitilafu. Kwenye AArch64 unapata 0 na kazi inaendelea. Gawanya namba hasi ya biti 64 iliyo mbali kuliko zote na sifuri kwa -1: x86 inatupa hitilafu tena, ARM inarudisha namba ile ile. Ukiiacha operesheni iitwe `gawanya` tu bila kusema nini kitokee katika hali hizi mbili, umeandika kiolesura chenye lugha mbili za programu ndani yake.

Nilikuwa naelekea kuweka ukaguzi ndani ya kila bekendi. Nikaona heri uwe juu ya kiolesura, kama operesheni za kawaida za kulinganisha na kuruka, na `gawanya` itamke wazi kwamba haijulikani itafanya nini ikipewa sifuri. Sababu ni ya vitendo: ukaguzi ukiwa juu, kiboreshaji kinauona na kinaweza kuufuta pale kigawanyi kinapojulikana kuwa 8. Ukiwa ndani ya bekendi, hakuna anayeuona.

## Wito wa funksheni

Ukiuliza ni operesheni gani ihamishwe kwanza, wengi watasema ya kujumlisha, maana ni rahisi. Mimi ningeanza na wito. Ndio unaogusa kila kitu, na kiolesura kisichoweza kuuelezea utakuja kukitupa baadaye.

API ya zamani huwa na umbo hili, hoja zikiwa thamani inazopewa funksheni:

    weka_hoja(0, a)
    weka_hoja(1, b)
    ita(msaidizi)

Linapendeza machoni, na ni baya kwa sababu mbili.

Ya kwanza: tuseme `a` iko rsi na `b` iko rdi. Kwenye Linux hoja ya kwanza inatakiwa rdi na ya pili rsi. `weka_hoja(0, a)` inanakili rsi kwenda rdi, na hapo hapo `b` imekufa. Hoja zinapaswa kuhamishwa zote kwa pamoja: kwanza zile ambazo rejista ziendako haina mtu, kisha unapobaki na duara, unalivunja kwa rejista moja ya pembeni au kwa `xchg`, amri inayobadilishana rejista mbili. Hakuna mpangilio wa moja moja unaoweza kuliona duara.

Ya pili: huwezi kujua hoja ya pili inakwenda wapi bila kujua aina za zote. Katika kanuni za System V, zinazofuatwa na Linux, namba za desimali (zenye nukta) na namba kamili huhesabiwa kila moja kwa safu yake. Kwenye Windows nafasi ni moja kwa zote: hoja ya pili ikiwa ya desimali inakaa xmm1, na rdx inabaki bila kazi. Windows pia inataka baiti 32 tupu kwenye staki kabla ya wito, na inamtaka anayeitwa azitunze rdi na rsi, ambazo Linux inaruhusu ziharibiwe. Kwenye mashine za Apple zenye arm64, hoja za ziada za funksheni kama `printf` huenda kwenye staki hata kama rejista zipo. (Ukichapisha ujumbe wa debaga kutoka kwenye msimbo wa JIT na namba zinatoka za ajabu, anzia hapo.)

Umbo linalobaki ni moja: `ita(anwani, sahihi, hoja zote)`, sahihi ikiwa orodha ya aina za hoja na za jibu. Bekendi inapewa kila kitu kwa mkupuo.

Ulinganifu wa staki nao uwe mali ya operesheni hii peke yake. Kwenye x86-64 rsp lazima igawanyike kwa 16 wakati wa wito. Ukikosea kwa 8, msaidizi wa C anaweza kufanya kazi miezi mingi. Kisha kompaila ya C inaboreshwa, inaanza kutumia `movaps`, amri inayodai anwani igawanyike kwa 16, kunakili kitu kidogo kwenye staki, na programu inaanguka ndani ya funksheni ambayo hakuna aliyeigusa.

## Lebo na viraka

`mahali_pa_sasa()` inayorudisha kielekezi ni funksheni ya kufuta mapema.

Anayeita hukihifadhi kielekezi, na baadaye anaandika umbali wa mruko hapo. Kwenye x86 hilo ni baiti 4, zinazohesabiwa kuanzia mwisho wa amri. Kwenye ARM ni biti 26, au 19, au 14, zilizofichwa katikati ya amri, zinazohesabiwa kuanzia mwanzo wake na kwa vipimo vya baiti 4. Msimbo wa juu hauna sababu ya kujua lolote kati ya hayo. Upewe lebo, jina la mahali, isiyofunguka: unaiunda, unairukia, unaifunga. Kama umbali umezidi, bekendi ndiyo itakayogeuza sharti na kuweka `b` ndefu.

Kielekezi kina ubaya mwingine. Kinadai kwamba mahali unapoandika msimbo ndipo utakapotekelezwa. Mifumo endeshi ya leo haipendi ukurasa unaoandikika na kutekelezeka kwa wakati mmoja. Kwenye Mac zenye chipu za Apple unaomba kumbukumbu kwa `MAP_JIT` na kubadili ruhusa kwa `pthread_jit_write_protect_np`, na badiliko hilo ni la uzi (thread) mmoja tu. Uzi mwingine unaojaribu kutia kiraka, yaani kubadili msimbo uliokwishatolewa, kwa wakati huo unaanguka. Ndiyo maana napenda kiolesura chenye hali tatu zilizo wazi: kinaandikwa, kimefungwa, kinatekelezwa. Hali ya pili ndiyo inayosafisha kache ya amri. x86 itakusamehe ukisahau. ARM haisamehi: itatekeleza amri za zamani zilizobaki kwenye kache, leo ndiyo, kesho hapana, na ukiweka debaga tatizo linatoweka.

## Kisichofaa kufichwa

Wiki ya mwisho nilijikuta napinga wazo langu mwenyewe. Kiolesura kikiwa safi mno, kinakuwa maskini.

x86 inaweza kusoma kumbukumbu kwa amri moja yenye msingi, kiashiria kilichozidishwa kwa 1, 2, 4 au 8, pamoja na nyongeza ya biti 32. AArch64 ikitumia kiashiria haikubali nyongeza, na kiashiria kinasogezwa kwa ukubwa wa kinachosomwa au kisisogezwe kabisa. Ukichukua kinachowezekana kote kuwili, unaitupa nguvu ya x86 kwenye kila usomaji wa safu. Ukichukua cha x86, ARM inarudi kwenye rejista za siri, na tumerudi 0x1001.

Njia iliyobaki ni kuuliza. Bekendi inatoa maswali machache yasiyotoa amri yoyote: `namba_inaingia(operesheni, thamani)`, `anwani_inaingia(msingi, kiashiria, kipimo, nyongeza)`. Tabaka la juu linauliza kwanza. Likiambiwa hapana, linavunja kazi vipande viwili ambavyo mgawaji wa rejista anaviona. Maswali haya huulizwa kwa kila operesheni, na muda wa kukompaili kwenye JIT ni muda wa mtumiaji, kwa hiyo yasipitie jedwali la vielekezi. Bekendi moja tu huhitajika kwa mashine moja. Ichaguliwe wakati wa kujenga, na kompaila ya C itayameza maswali ndani ya anayeyauliza.

## Kuhama bila kusimama

Usiifute API ya zamani. Iweke juu ya mpya kama ganda, uhamishe operesheni moja moja, na kila hatua majaribio yapite. Kabla ya kuanza, hifadhi baiti zinazotolewa kwa mifano kadhaa, ili hatua ambazo hazipaswi kubadili kitu zithibitike hazikubadili hata baiti moja. Ukifika kwenye mgawaji wa rejista, baiti hizo zitupe bila huruma. Zikibaki zitakuwa pingu.

Andika pia bekendi ya uongo isiyotoa amri kabisa, inayotekeleza operesheni moja baada ya nyingine kama intapreta. PyPy, utekelezaji wa Python wenye JIT, ina llgraph kwa kazi hiyo. TCI ya QEMU inakaribia, ila bado ina rejista zake za kubuni. Bekendi ya uongo haina rejista, haina bendera, haina kache. Kama operesheni haiwezi kuandikwa humo bila kutaja rejista, basi tangazo lake bado lina prosesa ndani yake.

Kisha lisha zote, ya uongo na za kweli, programu zile zile zenye namba za mipakani na ulinganishe majibu: 0, -1, ambayo ARM huilinganisha kwa `cmn` na 1, 127 na 128, ambapo namba ndani ya amri ya x86 inatoka baiti moja kwenda nne, 2147483647 na 2147483648, ambapo inagoma kabisa, 4095, 4096, 4097.